Mashine ya vakyumu ya bei nafuu kwa hopsi, kimea na hamira: ipi inakufaa?

Anayepika bia nyumbani hachukui muda mrefu kabla hesabu haijamsukuma kununua kwa jumla. Hopsi, yale maua makavu yanayoipa bia uchungu na harufu, zikiwa kwenye pakiti ya gramu 28 zina bei ya rejareja. Ukichukua mfuko wa ratili moja, yaani gramu 454, unapata kiasi cha pakiti 16, na mara nyingi unalipa nusu au chini ya nusu ya bei ya kuzinunua moja moja. Tatizo ni kwamba pipa la lita 20 linataka gramu 50, pengine 80. Zinazobaki zikihifadhiwa vibaya, unafuu wote umekwenda na maji, na bia inayofuata inatoka na harufu ya jibini kuukuu.

Hapo ndipo watu huanza kuulizana kuhusu mashine ya vakyumu, ile inayofyonza hewa mfukoni na kuuziba, na jibu wanalopewa huwa jina la kampuni na bei. Mimi naona tuanzie kwingine: unataka kuhifadhi nini, na adui wa kitu hicho ni nani. Ukishajua hilo, baadhi ya mashine zitajiondoa zenyewe, na pesa utakayotoa itakuwa ndogo kuliko ulivyodhani.

Si kila kitu kinahitaji vakyumu

Hopsi ndizo zenye shida. Asidi za alfa, zile zinazoipa bia uchungu (kazi ambayo kwenye mbege, pombe ya ndizi ya Wachaga, hufanywa na gamba la mti wa msesewe), huharibiwa na oksijeni, na mafuta yenye harufu nayo hali kadhalika. Aina hazilingani kwa uvumilivu. Cascade ikiachwa miezi 6 kwenye joto la nyuzi 20 hubakiwa na karibu nusu tu ya asidi zake, wakati Magnum kwa muda huohuo hubakiwa na takriban asilimia 80. Ile harufu ya jibini ni asidi ya isovaleriki, nayo huzaliwa katika uharibifu huohuo.

Joto linaharakisha mambo. Wapika bia wana kanuni ya kukadiria kwamba kila joto likishuka nyuzi 15, kasi ya uharibifu inapungua kwa nusu. Chukua chumba cha Dar es Salaam chenye nyuzi 27 na friza yenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Tofauti ni nyuzi 45, kwa hiyo kasi imekatwa nusu mara tatu, ikabaki thumuni, yaani moja ya nane. Vakyumu peke yake haikupi faida kubwa namna hiyo. Basi kabla hujatoa pesa ya mashine, hakikisha una nafasi ndani ya friza, maana hopsi zilizofungwa kawaida zikakaa frizani zitazishinda zile zilizofungwa kwa vakyumu zikaachwa kabatini.

Kimea cha punje nzima ni kitu kingine kabisa. Kikiwa kikavu, ndani ya ndoo yenye kifuniko kinachobana vizuri, mahali pasipo joto wala wadudu, kinakaa miezi mingi bila kudai mashine yoyote. Tena vakyumu inaweza kukuharibia. Maganda ya shayiri yana ncha kali. Mfuko unapofyonzwa ukabana punje, ncha zinatoboa vitundu ambavyo jicho halivioni. Unauacha mfuko usiku ukiwa mgumu kama tofali, asubuhi unaukuta umelegea. Kama ni lazima, tia kimea kwanza kwenye mfuko wa karatasi, ndipo uuingize wote ndani ya mfuko wa vakyumu. Kilichosagwa huchakaa ndani ya wiki chache, na dawa yake ni kusaga siku ya kupika.

Unga wa dondoo ya kimea iliyokaushwa, ule unaonyonya unyevu ukageuka jiwe, unafaidika kweli na mfuko usiopitisha hewa. Lakini unga hupanda na hewa. Mashine ikianza kuvuta, vumbi linafika mdomoni mwa mfuko na kuzuia plastiki isishikane, na jingine linaingia kwenye pampu. Kunja karatasi ya jikoni uiweke juu ya unga kabla ya kuvuta. Mwenye kuhifadhi kimea cha ulezi kilichosagwa atakutana na jambo hilohilo.

Hamira kavu, soma maelezo ya mtengenezaji wake. Lallemand wanaeleza kwamba pakiti iliyofunguliwa ikizibwa tena kwa vakyumu papo hapo na kuwekwa chini ya nyuzi 4, inaweza kutumika hadi tarehe iliyoandikwa. Isipozibwa kwa vakyumu, ni siku 3 tu. Kwa anayenunua tofali la gramu 500 badala ya vipakiti vya gramu 11, sentensi hiyo peke yake inalipa gharama ya mashine. Hamira ya majimaji usiifunge kwa vakyumu wala usiigandishe: ni hai, inatoa gesi, na barafu inaiua.

Na tahadhari moja ya afya. Vitu vibichi na vyenye maji, kama matunda yaliyopondwa au maganda mabichi ya machungwa, visifungwe kwa vakyumu vikaachwa kwenye joto la chumba. Bakteria wa botulini, wanaotoa sumu inayoweza kuua, hustawi pasipo hewa. Viungo vikavu, giligilani, iliki, karafuu, havina tatizo hilo.

Mashine ya kawaida ya mezani

Hii ndiyo inayojulikana zaidi: unaweka mdomo wa mfuko kwenye mfereji, unafunga kifuniko, pampu inavuta, waya wa moto unaziba. FoodSaver, NESCO na Anova wote wanazo, na zipo nyingi zisizo na jina kubwa. Marekani mashine ya chini kabisa inapatikana kwa dola 30 hadi 50. Zile imara zaidi huanzia karibu na dola 80 hadi kuvuka 130.

Tofauti ya bei haiko sana kwenye nguvu ya kuvuta. Iko kwenye waya wa kuzibia, na kwenye uvumilivu. Mashine rahisi huwa na ukanda mwembamba wa kuziba na huchoka haraka: ukifunga mifuko kadhaa mfululizo inapata moto, na lazima uisubiri ipoe. Kwa mtu anayegawa ratili mbili za hopsi mara moja baada ya miezi kadhaa, kusubiri huko si kitu. Kwa hiyo sioni sababu ya mpika bia wa nyumbani kulipa dola 130 kwa ajili ya kasi asiyoihitaji.

Kuna kitufe kimoja ambacho mimi singenunua mashine bila hicho: cha kuziba papo hapo, bila kusubiri mashine iamue yenyewe. Kina kazi tatu. Kwanza, kinakuwezesha kusimamisha pampu kabla vidonge vya hopsi (hopsi zilizosagwa na kushindiliwa) havijabanwa vikawa unga. Pili, kinakuwezesha kuziba bila kuvuta, yaani mashine inakuwa ya kuzibia tu. Tatu inawahusu wakazi wa nyanda za juu. Mashine nyingi husubiri kihisi kisome kiwango fulani cha mvuto ndipo zizibe. Nairobi, karibu mita 1,700 na ushee juu ya usawa wa bahari, hewa yenyewe ina mgandamizo wa takriban asilimia 82 ya ule wa Mombasa. Mashine iliyoandikwa inafikia mvuto wa baa 0.8 (baa 1 ni karibu sawa na mgandamizo wote wa hewa ya pwani) ilipimwa pwani. Huko juu inaweza kuvuta na kuvuta, mfuko umeshabana kabisa, nayo haizibi kwa sababu namba inayoisubiri haifikiki. Mwenye kitufe anabonyeza tu.

Gharama halisi ya mashine hizi ni mifuko. Zinataka mifuko yenye michirizi upande mmoja, kwa sababu hewa hupita kwenye michirizi hiyo wakati plastiki imebanwa. Mfuko wa kawaida ulio laini unajifunga kabla hewa haijatoka. Mifuko hii ni ghali kuliko ile laini, na kwa matumizi ya mwaka mzima inaweza kupita bei ya mashine. Nunua rola, usinunue mifuko iliyokatwa tayari. Kata mfuko mrefu kuliko unavyohitaji: kila ukifungua na kuziba unapoteza kama sentimita 3, kwa hiyo mfuko ulioanza na sentimita 20 za ziada unafunguliwa mara sita bila kuutupa. Njia bora zaidi ni kugawa ratili katika mifuko minne ya gramu 113 au karibu na hapo, ili kila mfuko ufunguliwe mara moja au mbili tu, na mingine isiguse hewa mpaka zamu yake.

Mashine ya kuzibia, foili na vipakiti vya oksijeni

Huyu ndiye mpinzani wa kweli, na ajabu ni kwamba hatajwi mara nyingi. Wafungashaji wa karanga, unga wa lishe na viungo wanamjua: ile mashine yenye mkono mrefu, unabana mdomo wa mfuko, taa inawaka, inazimika, mfuko umeziba. Huuzwa kwa upana wa sentimita 20, 30 au 40. Haina pampu. Haina kihisi. Ndani kuna transfoma, waya na utepe mweupe wa tefloni unaozuia plastiki isigande kwenye waya. Aghalabu boksi lake linakuja na waya na utepe wa akiba, na fundi yeyote wa redio anaubadilisha waya ukikatika.

Haitoi hewa, kwa hiyo unaiongezea vitu viwili: mifuko ya foili yenye tabaka la alumini, na vipakiti vya kufyonza oksijeni. Kipakiti kina unga wa chuma unaoshika kutu, na kutu hiyo ndiyo inayokula oksijeni. Ni tofauti na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye boksi za viatu; usivichanganye. Hewa ina karibu asilimia 21 ya oksijeni, iliyobaki karibu yote ni nitrojeni isiyodhuru hopsi. Maana yake ni kwamba mfuko uliofungwa hivi hautabana kama wa vakyumu, utanywea kidogo tu, lakini adui mwenyewe ameondolewa karibu wote. Mashine ya mezani inaondoa hewa kwa jumla na kuacha mabaki. Kipakiti kinaichagua oksijeni na kuimaliza.

Kuna masharti. Kipakiti kilichotolewa kwenye mfuko wake huanza kazi hapohapo, hivyo panga hopsi zote kwanza, toa vipakiti, ziba haraka, na vilivyobaki uvizibe mara moja kwenye foili yao. Halafu usikimbilie friza. Baridi inapunguza kasi ya kutu, kwa hiyo acha mfuko kwenye joto la chumba siku moja, kipakiti kimalize kazi, ndipo ugandishe. Na kila ukifungua mfuko, tia kipakiti kipya.

Foili ina faida nyingine kubwa. Mfuko wa zipu wa kawaida ni wa polithini, na polithini inapitisha oksijeni kwa kiasi kikubwa. Jaribio lake ni rahisi: weka hopsi ndani, ziba, nusa kwa nje baada ya siku kadhaa. Ukipata harufu ya hopsi, basi mafuta yanatoka, na kinachoweza kutoka namna hiyo kina mwenzake anayeingia. Mifuko ya vakyumu yenye tabaka la nailoni inazuia vizuri zaidi. Foili inashinda zote hizo, na inazuia mwanga pia.

Wengi hawajui kwamba mashine ya mezani nayo inaweza kufunga foili, hata ule mfuko halisi hopsi zilimokuja. Foili ni laini, haina michirizi, kwa hiyo unaipatia njia. Kata kipande cha mfuko wenye michirizi, upana wa vidole viwili, ukiingize katikati ya mdomo wa foili, nusu ndani, nusu nje, kifike kwenye mfereji wa mashine. Pampu inavuta kupitia hapo, unaona foili ikijikunja kufuata umbo la vidonge, kisha unaziba na kipande kinabaki kimezibwa humohumo. Foili ni nene, kwa hiyo subiri ipoe na uzibe mara ya pili, nusu sentimita pembeni ya mstari wa kwanza. Ukishaizoea mbinu hii, rola moja ya mifuko ya michirizi inadumu muda mrefu sana.

Chupa za kioo

Chupa za Mason, zile za kioo zenye mdomo mpana na kifuniko cha kuzungusha, zinasifiwa sana. Unanunua kifuniko maalumu cha kuvutia hewa, unakiunganisha kwa mpira na mashine ya mezani yenye tundu lake, au kwa pampu ya mkono ya kutolea upepo kwenye breki za gari. Hakuna mfuko wa kutupa, kioo hakipitishi oksijeni hata chembe, na unafungua na kufunga upendavyo.

Kwa hamira kavu na viungo nazikubali kabisa. Kwa hopsi, tazama hesabu hii kwanza. Mfuko unaponyonywa unajikunja, nafasi inatoweka pamoja na hewa. Chupa haijikunji. Pampu ikifikia baa 0.6 za mvuto, ndani imebaki asilimia 40 ya hewa ya mwanzo, na oksijeni yake imo humo. Chupa ya lita 1 inabeba takriban ratili moja ya hopsi za vidonge. Ikiwa imejaa, mabaki ni kidogo. Ukishatumia nusu, una nusu lita ya nafasi tupu yenye hewa sawa na mililita 200. Anayependa chupa anunue ndogo, na ahamishie hopsi kwenye chupa ndogo zaidi kadiri zinavyopungua.

Pampu ya mkononi, na ile ya chemba

Pampu ndogo ya kuchaji yenye mifuko ya zipu na vali ndiyo rahisi kuliko zote, dola 20 hivi. Vali ndiyo udhaifu wake. Kidonge kimoja cha hopsi kikisagika, unga unakaa chini ya vali na hewa inarudi polepole. Kwa mboga za wiki hii inafaa. Kwa hopsi za miezi minane siipendekezi.

Mashine ya chemba ni kinyume chake. Mfuko mzima unakaa ndani ya sanduku, hewa inatolewa kila upande, kisha unazibwa. Inafunga hata vimiminika, inatumia mifuko laini ya bei ndogo, na mvuto wake unazidi kwa mbali wa mashine ya mezani. Bei huanzia karibu dola 300, na zile kubwa kama VacMaster VP215, yenye pampu ya mafuta, zinakwenda mara kadhaa zaidi ya hapo na hazibebeki na mtu mmoja kwa raha. Kama kikundi cha wapika bia kinachanga pamoja, au nyumbani mnafunga pia samaki na nyama kila wiki, ni ununuzi wa akili. Kwa hopsi peke yake hapana.

Ningechagua nini

Ukiwa Marekani au Ulaya, ambako mifuko na vipuri viko karibu: mashine ya mezani ya bei ya chini yenye kitufe cha kuziba papo hapo, rola moja ya michirizi, na foili zako unazozitumia upya kwa ile mbinu ya kipande. Mashine ya namna hiyo inakufungia pia tofali la hamira, jambo ambalo vipakiti vya oksijeni havilifanyi kwa masharti aliyoyaweka mtengenezaji.

Ukiwa Nairobi, Arusha, Dar au Kampala, uamuzi wangu unageuka. Hopsi zinatoka mbali, Yakima huko Marekani, Ujerumani, au karibu na mji wa George kule Afrika Kusini, kwa hiyo kila gramu ina thamani zaidi kwako kuliko kwa mwenzako aliye Chicago, na unanunua kwa nadra lakini kwa wingi. Mifuko ya michirizi ikiisha unaweza kuhangaika. Mashine ya kuzibia ya sentimita 30, foili na vipakiti vya oksijeni itakugharimu kidogo, itatengenezeka mtaani, na itakufungia hata kimea na ulezi bila hofu ya unga kuingia kwenye pampu. Umeme ukikatika, friza iliyojaa inashika baridi muda mrefu kuliko iliyo tupu. Jaza nafasi kwa chupa za maji.

Kwa wote: ukitoa mfuko frizani, uache ufike joto la chumba kabla ya kuufungua. Ukiufungua ukiwa wa baridi, unyevu wa hewa unaganda juu ya vidonge, na unyevu huo utaufungia ndani utakapoziba tena.

Na kama unaletewa mashine na ndugu kutoka Marekani, mwombe ageuze mashine na kukusomea maandishi ya chini kabla hajalipa. Ikiwa imeandikwa 120V peke yake, ukiichomeka kwenye umeme wa volti 230 au 240 wa Tanzania, Kenya au Uganda itaungua siku ya kwanza. Kuna transfoma za kushusha umeme, lakini ukijumlisha bei yake na uzito wake kwenye sanduku la safari, ile iliyoandikwa 220–240V, hata ikiwa ghali kidogo, ndiyo nafuu.